Utatuzi wa Matatizo ya Timu ya Kikapu ya Chuo Katika Wiki za Mwanzo wa Msimu

Mwongozo huu ni kwa ajili ya makocha, manahodha na walezi wa michezo wa timu za vyuo zinazocheza kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, yaani robo nne za dakika 10, saa ya sekunde 24 za kutupa mpira kikapuni na faulo tano kwa mchezaji. Umepangwa kwa dalili, kwa sababu mtu anayetafuta msaada katika mwezi wa kwanza wa msimu haulizi habari za mifumo. Husema tu kwamba mpira unapotea, mitupo haiingii, au timu iliyokuwa mbele wakati wa mapumziko imefungwa. Chini ya kila dalili, sababu zinaanzia ile inayokutwa mara nyingi hadi ile ya nadra, na ukaguzi mwepesi unatangulia ule unaodai muda na fedha. Naomba utaratibu huo uheshimiwe, kwani nimeona makocha wakibomoa mfumo mzima wa mchezo kwa tatizo ambalo lingekwisha kama wachezaji wangekula mchana.

Timu ya chuo ina hali yake ya pekee. Kila mwaka inaagana na waliohitimu na kupokea wa mwaka wa kwanza ambao wamefika wiki chache tu kabla ya mechi ya ufunguzi, hivyo udhaifu mwingi wa mwanzoni ni wa watu wasiojuana bado.

Kabla ya kutafuta tatizo: kumbukumbu za mechi

Usiihukumu timu kwa mechi moja. Kusanya karatasi za mechi tatu au nne, kisha kadiria idadi ya mashambulizi kwa hesabu wanayoitumia wachambuzi wengi: chukua mitupo yote ya uwanjani, toa ribaundi za ushambuliaji (mipira iliyokosa kikapu na kukamatwa tena na timu iliyotupa), ongeza mipira iliyopotea, kisha ongeza mitupo huru ikiwa imezidishwa kwa 0.44. Tuseme timu ilitupa mara 60, ikapata ribaundi 10 za ushambuliaji, ikapoteza mpira mara 20 na kupewa mitupo huru 18: mashambulizi yake ni takriban 78. Mipira 20 katika mashambulizi 78 ni zaidi ya robo, maana yake shambulizi moja kati ya kila manne liliisha bila mpira kurushwa kuelekea kwenye ringi. Kocha anayetazama alama za mwisho peke yake ataondoka akilaumu washambuliaji, ilhali washambuliaji hawakufikiwa na mpira.

Kama hakuna mtu wa takwimu, mwanafunzi mmoja mwenye kalamu na daftari anatosha, mradi awe yule yule kila mechi, kwa kuwa watu wawili hawahesabu mpira uliopotea kwa namna moja.

Dalili ya kwanza: mpira unapotea mara nyingi

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote. Anza na mpira wenyewe: uangushe kutoka kimo cha mita 1.8, na sehemu yake ya juu irudi kati ya mita 1.2 na 1.4. Mpira uliojazwa kupita kiasi huruka mikononi, na ule ambao ngozi yake imelika kwenye sakafu ya saruji huteleza mara jasho linapoanza. Ukaguzi huu huchukua dakika moja, na kuuruka ni uzembe.

Mpira ukiwa mzima, gawa mipira iliyopotea katika makundi mawili: iliyopotea mchezaji akiwa amebanwa, na iliyopotea bila mtu yeyote kumsumbua. Kundi la pili likiwa kubwa, sababu ni ile inayokutwa mara nyingi zaidi, yaani wachezaji hawajazoeana. Gadi mwongozaji, yaani mchezaji anayepandisha mpira na kupanga shambulizi, anatoa pasi kwenye kona ambayo mwenzake wa mwaka jana angekuwa amekwishafika, naye huyu wa mwaka wa kwanza bado amesimama akitazama. Dawa yake ni mazoezi ya watano dhidi ya watano bila kudunda mpira, dakika kumi kila siku. Mchezaji asiyeruhusiwa kudunda analazimika kumtafuta mwenzake kwa macho, na wasio na mpira wanalazimika kwenda kuufuata. Baada ya wiki mbili au tatu idadi hushuka, na haipaswi kuguswa kitu kingine chochote kabla ya hapo.

Kundi la kwanza likiwa kubwa, angalia ni nani anayepandisha mpira gadi mwongozaji anapokuwa benchi. Timu nyingi za vyuo zina mtu mmoja tu mwenye uwezo huo, na wapinzani wakishamjua huleta presha ya uwanja mzima na kumwekea watu wawili, huku saa ya sekunde nane za kuvuka mstari wa katikati ikikimbia. Mfundishe mtu wa pili, hata kama ni fowadi mrefu, na umweke mchezaji mmoja katikati ya uwanja kama kituo cha pasi kabla mtego haujafunga. Wakumbushe kila siku kwamba pembe iliyo mara tu baada ya mstari wa katikati ni mahali pabaya kuliko pote pa kusimama na mpira, kwa sababu hapo mstari wa pembeni na mstari wa katikati humsaidia mpinzani kama walinzi wawili wa ziada.

Sababu ya tatu ni miguu. Mchezaji anapokea pasi akiwa kwenye mwendo, anashindwa kusimama, na mwamuzi anapuliza kwa kutembea na mpira. Kabla ya kumsahihisha, geuza viatu vyake utazame soli. Wengi hufika chuoni na viatu vilivyoisha alama kabisa. Kiatu kikiwa kizuri, fundisha kusimama kwa miguu miwili kwa wakati mmoja, kisha kugeuka kwa mguu mmoja uliobaki chini, bila mpira kwanza.

Iko sababu ya nadra ambayo huwaumiza vijana kwa miaka bila mtu kuitambua. Niliwahi kufundisha gadi aliyekuwa hodari mazoezini saa kumi alasiri lakini alipoteza mipira kila tulipocheza ukumbini usiku. Tulimwita mwoga. Ilipofika mechi ya tano ndipo tulipogundua kwamba anakaza macho kusoma ubao wa alama, na daktari wa macho akathibitisha kwamba haoni vizuri mbali. Mchezaji anayekosea zaidi kwenye mwanga hafifu kuliko mchana apelekwe kupimwa macho, na kocha asijaribu kulimaliza jambo hilo kwa mazoezi.

Dalili ya pili: mitupo haiingii

Sababu ya kwanza mara nyingi si tatizo. Mchezaji ambaye kwa kawaida hufunga mtupo mmoja kati ya mitatu ya pointi tatu, akitupa mara 20 katika mechi za mwanzo, anaweza kufunga minne au akafunga tisa bila uwezo wake kubadilika hata kidogo. Kumweka benchi aliyefunga minne na kumsifu aliyefunga tisa ni kuongoza timu kwa bahati nasibu. Usimhukumu mtupaji kabla hajafikisha mitupo mingi kuliko hiyo. Ongeza hesabu ya mazoezini ukihitaji ushahidi wa haraka.

Sababu ya pili ni mitupo mibaya, ile inayotupwa mapema mkono wa mlinzi ukiwa usoni, au ile ya sekunde ya 23 baada ya watu kukabidhiana mpira mbali na kikapu. Andika kwa kila mtupo kama mtupaji alikuwa huru. Wakiwa huru na bado wanakosa, tazama mpira unakosea upande gani. Mpira unaogonga mbele ya ringi mara kwa mara, hasa katika robo ya nne, unaashiria miguu iliyochoka. Unaokwenda kushoto au kulia unaashiria kiwiko au mkono wa pili unaosukuma.

Kisha chukua futi kamba. Ringi inapaswa kuwa mita 3.05 kutoka sakafuni, na viwanja vya nje vingi vina ringi zilizoinama kwa kuning'iniwa. Pima pia mstari wa pointi tatu. FIBA iliuhamisha kutoka mita 6.25 hadi 6.75 mwaka 2010, na bado viko viwanja ambavyo rangi yake ni ya zamani au ilirudiwa juu ya mchoro wa zamani. Kijana aliyejifunzia hapo amezoea umbali uliopungua nusu mita, na huo ni umbali mkubwa kwa mkono uliokariri. Hata vyuo vya Marekani, ambavyo timu zake za wanaume za daraja la kwanza zilihamia mita 6.75 msimu wa 2019-20, viliona usahihi ukishuka mwaka huo.

Kurekebisha umbo la mtupo ni kazi ya likizo. Ukimbadilisha mchezaji mkono katikati ya ratiba, utampotezea hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Dalili ya tatu: timu inaporomoka baada ya mapumziko

Waulize wachezaji, mmoja mmoja na faraghani, walikula nini siku ya mechi na saa ngapi. Mara nyingi jibu ni chai na chapati mbili asubuhi, kisha vipindi mfululizo, kisha mechi saa kumi na moja jioni. Tatizo hili huwa kali zaidi bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likichelewa, na wachezaji hawalisemi kwa sababu wanaona aibu. Mlezi wa michezo anayeweza kupata wali na maharage kwa watu 12 saa tatu au nne kabla ya mechi, na maji ya kutosha uwanjani, ametatua zaidi ya ambavyo ubao wa mbinu ungetatua. Msimu ukiangukia Ramadhani, hamishia mazoezi mazito baada ya futari, na panga zamu za dakika za mechi mapema pamoja na waliofunga, bila kumfanya yeyote ajione mzigo.

Hatua ya pili ni kuhesabu dakika. Katika fainali ya vyuo vya Marekani ya tarehe 4 Aprili 2022 mjini New Orleans, North Carolina ilikwenda mapumziko ikiongoza Kansas 40 kwa 25, lakini ikafungwa 72 kwa 69. Ilikuwa timu iliyowategemea mno watano wake wa kwanza, na senta wake (mchezaji wa karibu na kikapu) Armando Bacot aliingia fainali akiwa ameumia kifundo cha mguu kwenye nusu fainali. Sisemi kwamba uchovu peke yake uliwapa Kansas ubingwa, maana Kansas walicheza vizuri sana. Ninasema kwamba mapengo ya benchi hayaonekani katika mechi rahisi, na mwanzo wa msimu ndio wakati pekee ambao kocha anaweza kumpa mchezaji wa nane dakika sita za kukosea bila gharama kubwa. Kocha anayewachezesha watano dakika 36 katika mechi ya pili ya msimu anakopa.

Sababu ya tatu ni namna mapumziko yenyewe yanavyotumika. Dakika 15 za kukaa chini na kusikiliza hotuba huwarudisha uwanjani watu ambao misuli yao imepoa. Zungumza mambo mawili, matatu yakizidi sana, kisha wape dakika tatu au nne za kukimbia na kutupa kabla ya filimbi. Baada ya hapo ndipo ujiulize kama mpinzani alibadilisha ulinzi. Swali hilo ndilo makocha wengi huanza nalo kwa kuwa linavutia zaidi.

Onyo: mchezaji mmoja anayechoka peke yake wakati wenzake wako imara, kwa wiki mbili au zaidi, hana tatizo la stamina hadi hospitali iseme hivyo. Apimwe malaria na wingi wa damu. Upungufu wa damu huwapata wasichana wanamichezo zaidi kuliko wavulana, na mbio za ziada haziutibu.

Dalili ya nne: ribaundi zinakwenda kwa wapinzani ingawa tuna warefu

Urefu hausaidii kama hakuna anayemfungia mpinzani njia. Rekodi mechi kwa simu, simamisha picha pale mpira unapotoka mkononi mwa mtupaji, na uhesabu wachezaji wako waliogeuka kumtafuta mtu wa kumzuia kwa mgongo. Ukikuta wawili kati ya watano, sababu umeipata. Sababu ya pili ni ulinzi wa kanda, ambao humwachia kila mlinzi eneo badala ya mtu, hivyo mpinzani huingia katikati ya maeneo mawili bila mwenyewe. Kama hujafundisha nani anamchukua nani mpira ukiruka, rudi kwenye ulinzi wa mtu kwa mtu kwa muda. Sababu ya tatu ni magadi wanaokimbilia shambulizi la haraka kabla mpira haujapatikana.

Nguvu kubwa ya ribaundi nayo inaweza kuficha udhaifu mwingine. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alipata wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi akiwa Kentucky msimu wa 2021-22 na akatajwa kuwa mchezaji bora wa vyuo nchini Marekani. Hata hivyo Kentucky ilifungua msimu huo kwa kufungwa na Duke 79 kwa 71, na mwezi Machi ikatolewa na chuo kidogo cha Saint Peter's, 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza, siku ambayo Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16. Timu yenye mtu wa namna hiyo inapaswa kujiuliza mapema inaishije mpira unapokuwa mbali naye.

Dalili ya tano: faulo nyingi mapema, hasa za senta

Karibu kila mara chanzo ni mlinzi wa mbele anayepitwa, na senta anafika kuchelewa kuziba pengo. Mrekebishe wa mbele kwanza. Senta naye afundishwe kuinua mikono wima na kutoipiga chini. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechezea chuo cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009 kabla ya kuchaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya Marekani, aliwatisha washambuliaji kwa kusimama tu mahali panapofaa. Kumbuka kwamba kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo, mpinzani hupewa mitupo huru miwili.

Dalili ya sita: timu inashinda kila mechi

Naiweka miongoni mwa dalili kwa makusudi. Connecticut ilianza msimu wa 2022-23 kwa ushindi 14 mfululizo, ikafungwa mara sita katika mechi nane zilizofuata, kisha ikawa bingwa kwa kuifunga San Diego State 76 kwa 59. North Carolina niliyoitaja ilifungwa na Kentucky 98 kwa 69 mwezi Desemba 2021, miezi isiyozidi minne kabla ya kufika fainali. Matokeo ya mwanzo, mazuri au mabaya, ni ushahidi dhaifu.

Tenganisha kile kitakachodumu na kile kitakachopita. Kutopoteza mpira, kurudi kulinda haraka na kufungia njia ni mambo yanayosafiri na timu hadi ugenini. Mechi mbili ambazo mitupo yenu ya pointi tatu haikosi, au wapinzani kukosa mitupo huru ambayo hakuna mlinzi anayeweza kuizuia, ni zawadi ambazo hazitarudi kila wiki. Hesabu pia umeshinda mechi ngapi kwa chini ya pointi tano, na ni nani aliyekuwa upande wa pili.

Mahali pa kusimama na kumwita mtaalamu

Mchezaji akisikia mlio gotini wakati wa kutua au kugeuka, na goti likavimba ndani ya saa chache, mechi yake imekwisha na apelekwe hospitali. Huenda ni kano ya ndani ya goti, na wasichana hupatwa na jeraha hilo mara kadhaa zaidi ya wavulana. Kukanda, kuvuta au kufunga bandeji ili amalizie robo hakuruhusiwi. Kifundo cha mguu kilichoteguka kinahitaji eksirei kama hawezi kupiga hatua nne mwenyewe au kama mfupa unauma ukibonyezwa. Maumivu ya muundi yaliyojikusanya sehemu moja ya mfupa, yanayoongezeka kila wiki, huenda ni ufa, na kupumzika siku mbili hakutoshi. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akatapika au akasahau matokeo asirudi uwanjani siku hiyo hata akisisitiza. Anayepayuka au kuyumba kwenye joto kali apozwe kwa maji mengi pale pale kivulini wakati gari linatafutwa.

Kuzimia wakati wa mchezo, au maumivu ya kifua, ni jambo la moyo hadi daktari athibitishe vingine. Hank Gathers wa Loyola Marymount alizimia kwenye mechi tarehe 9 Desemba 1989, akagunduliwa kuwa na mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, akapewa dawa na kurejea kucheza. Tarehe 4 Machi 1990 alianguka tena uwanjani na akafariki akiwa na umri wa miaka 23. Keyontae Johnson wa Florida alianguka tarehe 12 Desemba 2020 mechi ikiendelea, na hakurudi kwenye ushindani hadi msimu wa 2022-23, akiwa Kansas State. Hakuna mechi ya chuo inayostahili kumharakisha mtu wa namna hiyo. Arudi kwa barua ya daktari wa moyo peke yake, si kwa maneno yake mwenyewe wala kwa ruhusa ya nahodha.

Kwa hiyo kabla ya mazoezi ya kwanza ya msimu, kila benchi liwe na karatasi yenye namba ya simu ya hospitali iliyo karibu, jina la mtu mwenye gari siku hiyo, jina la aliyefunzwa kukandamiza kifua, na mahali ilipo mashine ya kushtua moyo kama chuo kinayo. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya jalada la daftari la takwimu, ambalo halikosekani uwanjani.